Msafara Bila Mpagazi

Kwetu Kasongo binti haondoki nyumbani kwa baba yake mpaka apakatwe na bibi yake. Siku ya mwisho, wanawake wa upande wa mume wakiwa wamekaa mikekani, bibi hunyoosha miguu, biarusi huketi mapajani pake kama mtoto mchanga, hata akiwa mrefu kumpita, naye bibi humtia mafuta kidogo utosini na kusema, "Mchukueni." Neno lile halisemwi na mama wala shangazi. Ikiwa bibi amekufa, hutafutwa bibi mwingine wa ukoo, na watu huelewa. Lakini bibi akiwa hai, mzima, yuko chumbani nyuma ya pazia lake na hataki kutoka kuja uani, wakwe hufahamu jambo moja tu: ndoa hii ameikataa. Huinuka, hukunja mikeka yao, hurudi kwao.

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, aliposwa na familia ya Kabambare. Kijana mwenyewe ni dereva wa lori la pamba, mpole, mwenye kuswali. Baba, ambaye hushona kwa cherehani kwenye baraza la duka la Mreno, alikuwa amekwisha kukubali. Bibi, mama yake baba, alipopelekewa habari alikuwa anapepeta mpunga. Aliuliza kama kijana ana afya, akaambiwa anayo. Aliuliza kama yaya anamtaka, yaya akainama na kucheka ndani ya mtandio. Ndipo akauliza watu wake ni wa wapi.

"Wa Kabambare, Mama," akasema shangazi.

Ungo ukasimama hewani.

"Aolewe," alisema bibi. "Ni mutu muzuri. Lakini mimi sikai mbele ya wanamuke wa Kabambare. Mutafute bibi mwingine."

"Bibi mwingine tumutoe wapi, na weye uko hapa unapumua?"

"Museme nimekufa." Na ungo ukaendelea.

Shangazi huyu ni dada mkubwa wa baba. Ni mwanamke ambaye akisalimia sokoni, watu wanaitikia mpaka msikitini. Alimbembeleza mama yake, alimkasirikia, alimletea sukari, alimletea imamu akae nje ya pazia na kusema naye kwa upole. Bibi alikunywa chai yenye sukari, akamshukuru imamu, na hakubadilika. Kila mara alirudia neno lilelile: wanamuke wa Kabambare, hapana. Sababu hakuitaja. Malori yanakwenda Kabambare kila juma, na watu wa mtaa wetu wanakwenda huko kuzika na kuoa, lakini yeye tangu nizaliwe sikumwona kwenda hata mara moja.

Yaya aliacha kula vizuri. Alikuwa anashona mito yake ya harusi, na machozi yanaangukia uzi. Nikimwona hivyo nilisema moyoni kwamba bibi atatoka. Sikujua kwa njia gani, lakini nilijua sitaacha mpaka atoke.

Mimi si msemaji. Mbele ya watu watatu ulimi wangu hukauka, na shangazi ameniita Bubu tangu nilipokuwa mdogo. Nilisoma kwa masista mpaka mwaka wa nne, kwa sababu baba alitaka nijue kushona kwa mkono na kuandika vipimo. Huko, wakati wa Noeli, masista waliwavisha watoto nguo za watu wa kale wakawatembeza mbele ya wazazi. Mimi walinifanya mfalme mmojawapo, kwa kuwa nilikuwa mrefu na wafalme wale hawakuwa na maneno ya kusema. Nilifungwa shuka la kitanda na taji la karatasi. Nilipita mbele ya umati mzima na sikuona haya hata kidogo. Watu walinitazama, lakini hawakuniona mimi, walimwona mfalme. Baba aliposikia alicheka, akasema kama mfalme yule alilipa kodi basi hakuna ubaya.

Jambo hilo ndilo lililonirudia. Nilimwambia yaya tulipokuwa tunachota maji: siku wakwe wakija, tusiwapokee kwa vitenge vipya kama watu wote. Tuwapokee kwa mavazi ya wakati wa misafara, wakati wa Waarabu, kabla ya Bula Matari, serikali ya Wabelgiji. Kila mwanamke aje kama bibi yake alivyokuja Kasongo. Tuingie uani kwa mstari, kama msafara unaofika.

"Kwa nini?" yaya aliuliza.

"Kwa sababu nani kati yetu aliuona msafara? Ni Bibi peke yake. Tutamwuliza kila kitu. Atatufundisha mpaka atajisahau, na siku yenyewe hataweza kukaa ndani."

Yaya akatua ndoo. "Mwambie shangazi."

"Mwambie weye."

Alimwambia. Shangazi alisikiliza, akapiga makofi, na kufikia jioni mtaa mzima ulijua kwamba ni shangazi aliyebuni jambo hilo. Sikuona vibaya. Lingekuwa langu, nani angelisikia?

Wanawake walikusanyika uani kwetu siku ya Ijumaa baada ya swala ili kugawana watu wa kuigiza. Shangazi alikaa kwenye kiti cha baba. Jirani yetu mnene, mke wa mchinjaji, alisema wa kwanza.

"Bibi yangu alikuja kutoka pwani. Alikuwa mke wa bwana mukubwa wa msafara. Mimi mutanipa hariri."

"Bwana mukubwa yupi?" aliuliza mwingine. "Kwa maana bibi yangu mimi ndiye alikuwa mke wake."

"Wako alikuwa wa pili labda."

"Wa pili! Weye bibi yako alikuja amepanda punda, punda mwenyewe akalia njia nzima!"

Walicheka mpaka kuku wakakimbia. Lakini kila aliyefuata alisema vilevile. Huyu bibi yake alitoka Tabora na watumishi. Huyu bibi yake alivaa bangili za fedha mpaka kwenye kiwiko. Mwisho wa kikao tulikuwa na wake wakubwa kumi na mmoja wa bwana mmoja, mabinti wa kadhi wawili, na mke wa mchinjaji peke yake alitaka watu wanne wa kumpepea. Mpagazi hakuna. Mpishi hakuna. Hapakuwa na mtu wa kubeba hata chungu.

"Haya, mabibi," mama yangu alisema kimya kimya, anamenya ndizi. "Na mizigo ilitembea yenyewe?"

Shangazi alimkata jicho. "Tutaweka mizigo hapa mbele ya mlango. Wataelewa kwamba imekwisha kufika."

Kuanzia siku hiyo kazi ikawa yangu. Baba aliniachia cherehani saa ambazo duka limefungwa, na vipande vya kitambaa vilivyobaki sandukuni mwake. Kilemba nilikishona kwa chandarua cha zamani. Suruali za marinda, zile walizovaa mabibi wa Kiarabu chini ya kanzu, nilizikata kutoka mapazia ambayo shangazi alipewa na madamu mmoja aliyerudi Ulaya. Barakoa za uso tulizitengeneza kwa karatasi ngumu ya boksi la sabuni, tukaigandishia kitambaa cheusi kwa uji wa muhogo. Furungu za miguuni zilitoka kwenye makopo ya sadini: mdogo wa mke wa mchinjaji aliyakata kwa mkasi wa bati, akayapiga kwa jiwe mpaka yakang'aa, ingawa yalinuka samaki hadi mwisho. Wasichana wawili walitaka kuwa askari wa msafara na bunduki za miti ya mihogo. Baba aliposikia alitoka barazani mpaka uani, jambo ambalo hafanyi wanawake wakiwapo.

"Bunduki hapana," alisema. "Hata ya muhogo. Polisi wa teritwari akichungulia kwenye ua na kuona Waislamu wenye bunduki, ataandika, na hataandika kwamba ni muhogo."

Kwa sababu hiyohiyo tuliamua mambo yote yamalizike kabla ya magharibi, kwa maana ngoma baada ya giza inahitaji ruhusa na ruhusa inahitaji maelezo.

Mwalimu wetu alikuwa bibi. Nilikuwa ninaingia chumbani kwake na kitambaa begani, ninakaa chini, ninauliza. Na kweli alijisahau, kama nilivyotumaini. Alinipiga kofi mkononi niliposhona marinda mafupi. "Yafike hapa! Unataka mke wa bwana aonekane kama anavuka mutoni?" Alinionyesha jinsi ya kukunja kisutu, ncha ipi ije juu. Alijua barakoa inafungwaje nyuma ya kisogo, na kwamba bibi mkubwa akiwa amekasirika huishusha mpaka juu ya mdomo. Alijua harufu ya sanduku la nguo, karafuu na kitu kingine ambacho hakukumbuka jina lake. Alicheka mara mbili kwa sauti. Niliona mlango umefunguka.

Basi siku moja asubuhi, nguo za wengine zikiwa zimekaribia kwisha, nilichukua kamba ya kupimia nikamwambia asimame nimpime yeye.

"Unipime nini?"

"Nguo yako, Bibi. Ya siku ile."

Shangazi alikuwapo, amekaa kitandani anasuka ukili. Alifurahi. "Mama nimemuwekea hariri ya manjano, ile ya Id. Atakaa mbele ya wote. Mama yangu alikuja na wakubwa, kila mtu anajua."

"Nilikuja na wakubwa," bibi alisema. "Ni kweli."

Alimngoja shangazi atoke kwenda kuangalia chungu chake jikoni. Kisha alinishika kidole na kamba yangu juu yake.

"Nguo hizi ninazijua kwa sababu nilizikunja," alisema. "Unafahamu? Nilizikunja, nilizifua, nilizitia sandukuni. Mimi nilikamatwa karibu na Kabambare, nilikuwa nimeng'oka meno ya mbele. Nilivaa gome la mti, lile linalopondwa mpaka linakuwa laini, na kamba kiunoni. Walinibebesha kinu. Mpaka hapa Kasongo, kinu kichwani. Sasa shangazi yako anataka nikae mbele ya watu wa Kabambare na hariri ya manjano. Sitasema uwongo huo mbele yao. Kwa wengine, sawa. Mbele yao, hapana."

"Basi uvae kitu kingine, Bibi. Vaa kanga yako ya kila siku."

"Nikivaa kanga wataniuliza. Ile ni desturi yao, kumwuliza mutu mzee: weye mutoto wa nani? Unataja baba, unataja baba ya baba, ndipo wanakukaribisha. Mimi jina la baba yangu nimelisahau." Aliniachia kidole. "Nimelitafuta miaka yote. Nalala nalitafuta. Watu wa kwetu nitawaambia nini?"

Nilikaa pale na kamba yangu. Nilikuwa nimedhani ni ukaidi wa uzee. Bibi aliuliza kama mahindi yamewekwa juani.

Usiku niliendelea kushona barakoa na nilikuwa ninafikiri. Hariri hawezi, na kweli yake hawezi kuivaa yeye. Lakini ile ilikuwa sherehe ya wanawake wenye mabibi, na kila mmoja anakuja kama bibi yake alivyokuja. Mimi pia nina bibi. Hakuna aliyekuwa ameniuliza mimi nitavaa nini, kwa sababu nilikuwa fundi. Niliamua nitavaa gome la mti na nitabeba kinu, na nitaingia wa mwisho nyuma ya wake wote wa bwana mkubwa. Bibi ataona kupitia pazia kwamba mtu ameibeba ile njia mbele ya macho ya watu wa Kabambare na paa halikuanguka. Hilo ndilo nililotaka aone. Wakicheka, watanicheka mimi. Nilipofikiri kuingia uani macho yote yananitazama, niliweka sindano chini. Nikamkumbuka yule mfalme wa masista, nikatia uzi kwenye sindano.

Gome la kweli halipatikani tena hapa mjini. Nilichukua gunia la pamba lililochakaa, nikaliloweka, nikaliponda kwa mchi wa mama mpaka nyuzi zikalegea. Nilihitaji rangi, kwa hiyo nilikwenda sokoni kwa mama mmoja anayetoka vijiji vya msituni na kuuza nkula, ule unga mwekundu wa mti ambao watu hujipaka mwilini. Alikuwa mwanamke mkimya kama mimi, kichwa chake kimenyolewa chote. Tulielewana. Nilimwuliza jinsi wanawake wa zamani walivyofunga gome kiunoni. Hakuuliza sababu. Alisimama, akachukua kamba, akajifunga polepole mbele yangu: mizunguko miwili, fundo mbele chini ya kitovu, ncha zote mbili zinaning'inia. Nilijaribu palepale mpaka akaitikia kwa kichwa. Nilirudi nyumbani nimefurahi, ninalikariri fundo lile kwa vidole njia nzima.

Yaya peke yake nilimwambia. Aliogopa. "Shangazi atakuua."

"Ataniua baada ya wewe kupakatwa."

Wakwe walifika asubuhi, lori la kijana mwenyewe limejaa wanawake, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Walikuwa wamelala ng'ambo ya mto Luama kwa sababu baki ya kuvusha magari ilikwama mchangani. Kati yao alikuwapo bibi yake kijana, mwanamke mdogo wa mwili, mkavu, ana fimbo, anacheka haraka. Walioga, wakala, wakaketishwa mikekani. Shangazi aliwaambia wangoje kidogo, kuna mgeni mwingine njiani. Kila nilipopita na sahani nilimwona bibi yule akitazama pazia la chumba cha bibi yetu. Mama mkwe wa yaya alimwuliza mama yangu, "Bibi wa nyumba hii iko mugonjwa?" na mama akajibu, "Anajitengeneza."

Tulivalia nyumbani kwa mke wa mchinjaji. Pale palikuwa vurugu: barakoa zimechanganyika, furungu zinakwaruza, wake kumi na mmoja wanagombania kioo kimoja. Nilisubiri wote watoke. Nilijifunga gunia langu kutoka kwapani mpaka magotini, nilijipaka nkula mikononi na usoni, nikafunga kamba kama nilivyofundishwa. Kinu kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Nilikiweka kichwani na kata ya majani ya ndizi, nikafuata.

Uani ngoma ilianza. Nilisikia vigelegele, nilisikia wageni wakipiga kelele za furaha wanapoiona hariri, marinda, kilemba cha chandarua. "Angalieni hao! Angalieni, wametoka kaburini!" Mke wa mchinjaji alipita anapepewa na watoto wake mwenyewe. Ndipo nilipoingia mimi.

Ngoma ilikwenda mapigo machache ikafa. Nilitembea. Nilitazama ukuta wa mwisho wa ua na kuhesabu matofali yake. Shangazi, ndani ya joho jeusi na barakoa, alinijia mbio, na nilijua ni yeye kwa sauti tu.

"Bubu! Nini hii? Toka! Toka hapa unatuaibisha mbele ya bamukwe!"

Sikutoka. Nilimwambia, na nilishangaa sauti imetoka, "Ulisema kila mtu aje kama bibi yake."

Pale kila mtu alisikia. Mama aliweka mkono mdomoni. Wanawake wa Kabambare walitazamana. Kisha yule bibi yao mkavu akaanza kucheka. Alicheka akipiga fimbo chini, machozi yakamtoka, mpaka mama mkwe akamgusa bega.

"Mutoto wangu," alisema alipopata pumzi, "nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Bibi."

"Basi mume wako amekufa na hawajakuambia! Fundo mbele, ncha mbili chini, hivyo anafunga mujane! Umeletea harusi yetu mujane na kinu!" Akacheka tena, na wengine wakaanza kucheka, hata wake zetu wakubwa nyuma ya barakoa. Mimi nilikuwa nimesimama katikati, kinu kichwani, uso unawaka chini ya nkula. Nilimkumbuka yule mama wa sokoni, kichwa chake kilichonyolewa. Alikuwa amenionyesha anavyojifunga yeye, mjane.

Pazia lilivutwa kwa nguvu hata mti wake ukaanguka.

"Sikumufundisha hivyo!" Bibi alikuwa amesimama mlangoni, na kanga yake ya kila siku, na masizi ya chungu mkononi. "Mimi sikumufundisha hivyo! Nani amemufunga mutoto wangu kama mujane? Njoo hapa. Tua kinu. Tua!"

Alikuja mwenyewe, hakungoja. Alipita katikati ya mikeka ya wanawake wa Kabambare bila kuwatazama, kama mtu anayepita kati ya kuku. Alinitua kinu, akalifungua fundo langu kwa hasira, akazungusha kamba nyuma. Nilisikia vidole vyake mgongoni. Vilisimama kidogo, vikatafuta, kisha vikaenda vyenyewe, haraka, kushoto, chini, kushoto tena, na kamba ikanibana kiunoni.

"Musichana ni nyuma," alisema. "Na ncha moja tu. Moja! Ya pili inaingia ndani."

Hakuna aliyekuwa anacheka. Yule bibi wa Kabambare aliinuka kwa fimbo yake, akaja akanizunguka, akainama kulitazama lile fundo. Akaligusa. Akasema kitu kwa Kibangubangu, lugha ya kwao Kabambare. Mimi sikukielewa na shangazi pia hakukielewa, kwa maana bibi hajawahi kusema lugha hiyo nyumbani mwetu.

Nilimwona bibi yangu anavyolitafuta neno, kama mtu anayepapasa gizani. Kisha akajibu, neno moja, halafu mengine mawili.

Yaya aliniambia baadaye kwamba alimwuliza mama mkwe wake maana. Yule bibi hakuuliza weye ni mtoto wa nani. Aliuliza, "Nani alikufunga weye hivi?" Na bibi alijibu, "Mama yangu."

Yule mwingine aliitikia, akamshika mkono wa masizi, akaketi naye mkekani kana kwamba wote wawili wamechoka kwa safari moja. Waliketi hivyo. Mke wa mchinjaji alivua barakoa yake ili aone vizuri.

"Lakini msafara wenu huu," bibi wa Kabambare alisema sasa kwa Kiswahili, kwa sauti ya wote, akiwaonyesha wake wa bwana mkubwa kwa fimbo. "Huyu mutoto peke yake ndiye anafanya kazi. Ninyi wengine wote mulibebwa na nani?"

Hapo mama yangu ndiye aliyecheka wa kwanza, kicheko ambacho alikuwa amekiweka tangu Ijumaa ile, na ua mzima ukamfuata.

Bibi alinyoosha miguu. "Muleteni," alisema. "Miguu yangu si ya ujana, muleteni upesi."

Yaya aliletwa. Alikaa mapajani mwa bibi na kumfunika karibu wote, na yule bibi wa Kabambare alimshikia mgongo ili asianguke. Mafuta yaliletwa, yakatiwa utosini, na masizi kidogo yakaingia pamoja nayo.

"Mchukueni," bibi alisema.

Wakamchukua. Ngoma ilipigwa mpaka karibu na magharibi, kisha tuliinyamazisha kama tulivyokubaliana, lori likawashwa, yaya akaondoka na mito yake.

Nilikuwa ninakusanya barakoa uani, gunia na kamba bado mwilini, wakati shangazi alipokuja. Alikuwa amevua joho. Nilijua sasa nitasikia yote ambayo hakuyasema mbele ya wageni, na nilisimama niyapokee. Alinizunguka akaja nyuma yangu. Akainama kulitazama fundo, kama alivyofanya yule bibi wa Kabambare.

"Usilifungue upesi," alisema mwishowe. "Geukia kwenye mwanga. Fungua polepole, nione linavyopita."

Nilipeleka mikono nyuma, nikalitafuta fundo kwa vidole, nikaanza na ncha ile iliyoingia ndani.